Mwanafunzi wa Kiswahili na Mlango wa Idara ya Kiingereza

Mada ninayoiwasilisha hapa huenda ikawakera baadhi ya wanachama wenzangu. Katika jarida la chama cha Kiswahili, ambamo tumezoea kusoma makala ya kuitetea lugha yetu dhidi ya ubabe wa Kiingereza, mimi nanuia kutetea thamani ya kukisomea Kiingereza chuoni. Sisemi hivi kwa kuwa mapenzi yangu kwa Kiswahili yamepoa. La hasha! Nasema hivi kwa sababu naamini kuwa Kiswahili chenyewe hupata hasara kila mwaka tunapohitimu tukiwa tumeipa kisogo idara jirani, nayo idara hiyo ikiwa imetupa kisogo sisi.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo aghalabu huchanganywa. Kuna kusema Kiingereza, kuna kufundishwa kwa Kiingereza, na kuna kukisomea Kiingereza. La kwanza ni stadi ya mawasiliano, na mchuuzi wa vinyago ufuoni Mombasa anaweza kumshinda profesa katika stadi hiyo. La pili ni sera ya elimu. Mwanafunzi wa uhandisi, wa kilimo na wa uuguzi wote hufundishwa kwa Kiingereza pasi na kukichunguza Kiingereza chenyewe, kama vile mtu anavyoweza kuabiri matatu miaka ishirini bila kufungua boneti hata siku moja. La tatu ndilo ninalolizungumzia: kuikalia kitako lugha hiyo kama taaluma, kuchambua fonolojia, mofolojia, sintaksia na semantiki yake, kufuatilia historia yake na kuisoma fasihi yake kwa jicho la kihakiki. Nchi yetu imejaa la kwanza na la pili, na ndiyo maana wengi hudhani kuwa la tatu halina haja. Husema kuwa Kiingereza tunakijua tayari. Ajabu ni kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili, tunaokasirika tunapoulizwa, "Unasomea Kiswahili? Kwani hukijui?", ndio tunaorudia swali lilo hilo kuhusu Kiingereza.

Ukuta kati ya meza mbili

Tazama jinsi masomo yetu yalivyopangwa. Katika shahada ya ualimu kwenye vyuo vyetu vingi, Kiingereza na fasihi kwa Kiingereza hufungwa pamoja kama masomo mawili ya kufundishia. Anayeyachukua hana tena nafasi ya Kiswahili. Anayechukua Kiswahili naye hukioanisha na Historia, Jiografia, elimu ya dini au somo jingine. Mpango huu una mantiki yake, kwa kuwa shule za upili zimezoea kufundisha lugha ya Kiingereza na fasihi yake kama somo moja, na mwalimu hana budi kuyamudu yote mawili. Hata hivyo, natija yake ni kwamba chuo hakimwandai mtu yeyote kuwa mjuzi wa lugha zote mbili kitaaluma, katika nchi ambayo Katiba yake ya mwaka 2010 inazitambua zote mbili kuwa lugha rasmi.

Matokeo ya ukuta huo huonekana katika chumba cha walimu. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Kiingereza hukaa meza jirani. Saa tatu mmoja anafundisha kishazi tegemezi. Saa nne mwenzake anaingia darasa lilo hilo na kufundisha dhana hiyo hiyo kwa istilahi nyingine, bila yeyote kati yao kujua kwamba mwenzake ameshaitaja. Mwanafunzi aliye mbele yao ni mmoja, na kichwa chake ni kimoja. Anabaki akidhani kuwa sarufi ni mali ya lugha moja, na kwamba alichojifunza saa tatu hakina uhusiano na alichojifunza saa nne. Mwalimu mwenye msingi wa isimu ya lugha zote mbili angemwonyesha kwa dakika tano pale lugha hizo zinapofanana na pale zinapotengana: kwamba Kiingereza humlazimu msemaji kutaja jinsia anapotumia kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja, ilhali Kiswahili hakijali hilo, kwamba Kiswahili nacho humlazimu msemaji kujua ngeli ya nomino kabla hajafungua kinywa, mzigo ambao Mwingereza hana.

Waraka wa mwaka 1968

Wapo watakaonikumbusha kwamba suala hili lilikatwa zamani. Oktoba 1968, wasomi watatu katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, yaani Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye wakati huo aliitwa James Ngugi, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na mahali pake iundwe idara ya fasihi na lugha za Kiafrika. Waraka huo hutajwa sana katika mijadala yetu, aghalabu kama rungu la kukipigia Kiingereza. Nawaomba wenzangu wausome, wasiridhike na kuutaja tu. Hoja ya waandishi wake haikuwa kwamba Kiingereza ni najisi. Walihoji kwa nini fasihi ya Uingereza iwe ndiyo kitovu na Afrika iwe kiambatisho katika chuo kilichojengwa Afrika. Na walipofika kwenye suala la lugha za kufundishwa, walikitaja Kiswahili bega kwa bega na Kifaransa na Kiingereza, kisha wakapendekeza lugha nyingine kama Kiarabu, Kikuyu, Kijaluo na Kikamba ziingizwe pale itakapowezekana.

Kwa maneno mengine, waliotaka kuivunja Idara ya Kiingereza hawakutaka kukiacha Kiingereza. Walitaka kukivua taji na kukiketisha pamoja na wenzake. Tusisahau pia kwamba Ngũgĩ, aliyefariki mwaka 2025 baada ya kuutetea uandishi wa lugha za Kiafrika kwa takribani nusu karne, alikuwa amesomea Kiingereza Makerere na kuendelea Leeds. Aliujua ubeberu wa lugha hiyo kwa sababu alikuwa ameingia ndani ya nyumba yake na kuhesabu vyumba.

Mapambano hayo yalizaa Idara ya Fasihi pale Nairobi, na fasihi simulizi ikapata heshima iliyonyimwa. Lakini nusu nyingine ya ndoto, yaani lugha na fasihi za Kiafrika na za kigeni kukaa chini ya paa moja, haijatimia. Leo mtu anaweza kuhitimu katika fasihi bila kusoma hata utenzi mmoja katika Kiswahili chake cha asili. Mwingine anaweza kuhitimu katika Kiswahili bila kujua kuwa malumbano ya shairi huru na shairi la arudhi, yaliyopamba moto baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, yana ndugu zake katika historia ya ushairi wa Kiingereza. Aliyevunja idara moja hakukusudia tujenge idara mbili zisizosalimiana.

Lugha iliyokuwa ya makabwela

Faida kubwa ya kukisomea Kiingereza, kwa maoni yangu, ni moja ambayo wengi wetu hatuitarajii. Historia yake ni somo la jinsi lugha inayodharauliwa inavyopanda ngazi. Baada ya Wanormani kuishinda Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya mahakama na jumba la mfalme, Kilatini kikashika kanisa na usomi, nacho Kiingereza kikabaki lugha ya wakulima na watumishi. Mwaka 1362 ilipitishwa sheria iliyoagiza mashauri mahakamani yaendeshwe kwa Kiingereza, kwa kuwa raia hawakuielewa lugha iliyotumiwa kuwahukumu. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Kumbukumbu za mahakama nazo ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini kwa karne kadhaa, hadi mwaka 1733.

Msomaji Mkenya hawezi kukosa kutabasamu. Mwaka 1974 Kiswahili kiliingizwa katika Bunge letu kwa agizo la Rais Jomo Kenyatta, lakini miswada ya sheria iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Tunapolalamika kuwa hali hii ni laana ya pekee iliyotupata sisi, mwanafunzi wa historia ya Kiingereza anajua kuwa njia hiyo imepitwa na wengine. Anajua pia ni nini kilichokikwamua Kiingereza. Hakikukwamuliwa na sheria pekee. Kulikuwa na watafsiri, kama William Tyndale, aliyechapisha tafsiri yake ya Agano Jipya mwaka 1526 na kuuawa miaka kumi baadaye. Kulikuwa na washairi na waandishi wa tamthilia walioandika kwa lugha ya umma. Kulikuwa na wanaleksikografia, na kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ni mfano maarufu. Fauka ya hayo, Oxford, chuo chenye umri wa karne nyingi, hakikuanzisha shahada ya Kiingereza hadi mwaka 1894, na Cambridge kikasubiri hadi mwaka 1917. Wapinzani waliiona kuwa taaluma nyepesi mno ikilinganishwa na Kilatini na Kigiriki. Ukiyasikia maneno hayo, unaweza kudhani umekaa katika kikao fulani cha chuo chetu mtu akipima uzito wa Kiswahili.

Tafsiri na haki ya mwananchi

Nije sasa kwenye jambo linalomgusa hata mwananchi asiyejali fasihi. Katiba yetu ina matini ya Kiswahili. Hata hivyo, Kifungu cha 259 kinasema kwamba pakitokea mgongano baina ya matini za lugha mbalimbali za Katiba hiyo, ile ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Mtu anaweza kukilaani kifungu hiki, na mimi sikipendi. Lakini maadamu kipo, maana yake ni wazi: mtaalamu wa Kiswahili asiyeweza kuisoma kwa makini matini ya Kiingereza hawezi kumwambia mwananchi ni wapi matini ya Kiswahili imepungukiwa. Hukumu itatolewa katika chumba ambacho yeye hana ufunguo wake.

Chukua neno moja dogo, 'shall'. Wengi wetu tulifundishwa katika shule ya msingi kuwa ni alama ya wakati ujao. Katika Kiingereza cha sheria, neno hilo hubeba uzito wa wajibu. Mfasiri anayeandika "Serikali itahakikisha" mahali panapostahili "ni lazima Serikali ihakikishe" amegeuza wajibu kuwa ahadi, na mwananchi aliyesoma Kiswahili pekee hatajua kuwa amepunjwa. Makosa ya aina hii hayatokani na upungufu wa Kiswahili, kwani Kiswahili kina njia tele za kueleza ulazima. Hutokana na mfasiri kukijua Kiingereza kwa kukisema tu, bila kukisomea.

Katika fasihi mambo ni hayo hayo. Mwalimu Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Anayeisoma kwa Kiswahili pekee atapita jina hilo bila kusita. Aliyezisomea lugha zote mbili atasimama aulize: mbona mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza amegeuka mabepari wengi wa Kiswahili? Ndani ya swali hilo mna siasa za Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mna nadharia ya tafsiri, na mna tasnifu nzima inayomngoja mwandishi.

Mfano wa karibu zaidi ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, na kutuzwa Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake Paradise, inayosimulia maisha ya pwani na bara yetu, ilitoka mwaka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022. Msomaji wa Kiswahili alisubiri miaka 28 kusoma habari za nyumbani kwake. Je, ni wangapi kati yetu tunaohitimu tukiwa na uwezo wa kuifanya kazi kama hiyo? Tusiwalaumu wachapishaji peke yao ilhali sisi wenyewe hatujiandai.

Kiingereza kilichojificha ndani ya Kiswahili chetu

Kuna wanaoamini kuwa njia ya kukilinda Kiswahili ni kujitenga na Kiingereza. Nawaomba wasikilize hotuba zetu wenyewe. Ni mara ngapi msemaji hufunga hoja kwa "mwisho wa siku", ingawa jua lingali utosini? Ni mara ngapi tunahimizwa "kufikiria nje ya sanduku"? Maneno ni ya Kiswahili, lakini fikra imeazimwa nzima nzima kutoka Kiingereza, na msemaji hana habari. Mtu aliyekisomea Kiingereza huzitambua nahau hizi mara moja, kwa kuwa anajua zilikotoka, na akipenda atatafuta usemi wa Kiswahili unaofaa. Asiyekisomea huvaa nguo ya kuazima akidhani ni ya kwake.

Isitoshe, tukubali ukweli mchungu kuhusu maktaba yetu. Sehemu kubwa ya utafiti kuhusu Kiswahili imeandikwa kwa Kiingereza. Sarufi ya E. O. Ashton ya mwaka 1944, kitabu cha Mohamed Hassan Abdulaziz kuhusu Muyaka cha mwaka 1979, uchunguzi wa Derek Nurse na Thomas Hinnebusch kuhusu historia ya Kiswahili na lugha za Kisabaki wa mwaka 1993, na kazi ya Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff kuhusu utambulisho wa Waswahili ya mwaka 1994, zote ziko katika lugha hiyo. Mwanafunzi anayetaka kumjibu mtu adaiye kuwa Kiswahili ni Kiarabu kilichochakaa atazihitaji hoja za kiisimu zilizomo katika vitabu hivi. Kuzitafsiri ni wajibu wetu. Lakini huwezi kuutafsiri, sembuse kuukosoa, utafiti ambao umeusoma kwa kubahatisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hoja za wapinzani

Nazifahamu hoja za upande wa pili, na si za kupuuzwa. Ya kwanza husema kuwa Kiingereza tayari kina fedha, vitabu na hadhi, na kwamba kukiongezea wanafunzi ni kumwongezea tajiri mali. Nakubali kuwa mizani imeinama. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili akienda kusoma kozi tatu katika idara jirani hachukui chochote kutoka idara yetu, anatuletea.

Ya pili ina uzito zaidi. Husema kuwa wengi huenda na hawarudi. Wapo waandishi na wasomi wengi wa Kiafrika waliokisomea Kiingereza wakaishia kuandika kwa Kiingereza maisha yao yote, na lugha zao zikabaki yatima. Hoja hii ni ya kweli, na siwezi kuifuta kwa maneno matamu. Ninachosema ni kwamba kilichowapoteza hakikuwa kukisomea Kiingereza tu, bali kukisomea bila kusomea kingine chochote. Mwanafunzi anayekwenda huko akiwa tayari ameuonja utamu wa Utendi wa Mwana Kupona na kazi za Shaaban Robert huenda akiwa na mizani mkononi. Anapima, hapimwi.

Ya tatu huulizwa na wazazi: shahada ya Kiingereza italeta kazi gani? Swali hili sitalijibu kwa kuahidi mishahara, maana hilo ndilo kosa linalotendwa na wanaokiuza Kiingereza kama bidhaa ya fahari. Thamani ninayoitetea ni ya kazi itakayofanyika, awe atakayeifanya analipwa vizuri au vibaya: sheria zitafsiriwe sawasawa, watoto wafundishwe lugha mbili bila kuchanganywa, na vitabu vyetu virudi nyumbani.

Tufanye nini?

Sipendekezi kwamba mwanafunzi wa Kiswahili awe wa Kiingereza. Napendekeza mambo matatu ambayo idara zetu zinaweza kuyajadili pasi na gharama kubwa. Mosi, kila mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili asome angalau kozi tatu katika idara ya Kiingereza au fasihi: moja ya muundo wa Kiingereza, moja ya historia yake, na moja ya fasihi. Pili, mlango ufunguliwe pande zote mbili: mwanafunzi wa Kiingereza naye alazimike kusoma kozi kama hizo kwetu, kwani heshima ya upande mmoja ni utumwa. Tatu, kuwe na semina ya pamoja ya tafsiri, ambamo wanafunzi wa idara zote mbili watakaa meza moja na matini moja, wabishane kuhusu 'shall' na 'lazima', kuhusu neno 'rice' ambalo kwetu ni mpunga shambani, mchele dukani na wali mezani, na kuhusu 'uncle' ambaye kwetu hawezi kutajwa kabla hatujajua kama ni wa upande wa mama au wa baba.

Hata kabla ya vikao vya chuo kuamua lolote, chama chetu kinaweza kuanza. Tuwaalike wenzetu wa chama cha Kiingereza kwenye kongamano letu lijalo. Na kila toleo la jarida hili libebe angalau makala moja iliyotafsiriwa na mwanachama kutoka katika utafiti ulioandikwa kwa Kiingereza, pamoja na maelezo mafupi ya mfasiri kuhusu mahali alipokwama. Walimu wetu waheshimiwa watatusahihisha, na baada ya miaka mitano tutakuwa na hazina ambayo wanafunzi watakaotufuata hawatahitaji kuitafuta katika lugha ya wengine. Wasionikubali, kurasa hizi ni zao pia; nangoja majibu yao katika toleo lijalo.